Kabla ya kuweka 777, uliza kwanza faili ni la nani

Ndugu, umeeleza kwamba umehamishia tovuti yako ya WordPress kwenye seva unayoisimamia mwenyewe, kwamba kurasa zinafunguka vizuri lakini kila ukipakia picha unaambiwa folda haiandikiki, na kwamba umeshauriwa kuipa folda nzima ya tovuti ruhusa za 777. Ushauri huo utaliondoa kosa unaloliona, lakini nakusihi usiufuate. Nimesimamia seva za namna hii kwa miaka, na karibu kila mara tatizo kama lako halitokani na tarakimu za ruhusa bali na umiliki wa mafaili.

Kwenye Linux kila faili lina mmiliki na kundi, na ruhusa zake huandikwa kwa tarakimu tatu: ya kwanza ni ya mmiliki, ya pili ya kundi, na ya tatu ya watumiaji wengine wote wa seva. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kutekeleza ni 1, na tarakimu hizo hujumlishwa, hivyo 7 ni zote tatu kwa pamoja. Kwa folda, ile 1 humaanisha kupita kuyafikia yaliyomo, na ndiyo sababu folda iliyopewa 644 hufanya mafaili yaliyo ndani yasifikike hata kama yenyewe yanasomeka.

Ukiweka 777, akaunti yoyote iliyomo kwenye seva, hata ile ya huduma isiyohusiana kabisa na tovuti yako, inaweza kuandika ndani ya msimbo wako. Mvamizi akiidukua mojawapo, anaweza kupachika faili lake la PHP (lugha ambayo WordPress imeandikwa kwayo) kwako na kulifungua kwa kivinjari tu. Tena kufuta faili hutegemea ruhusa za folda, si za faili lenyewe. Kwa hiyo hata ukilifunga faili kwa 444, likiwa ndani ya folda ya 777 mtu mwingine anaweza kulifuta na kuweka jingine lenye jina lilelile. Nimeona watu wakilinda faili moja kwa uangalifu mkubwa huku folda yake ikiwa wazi, na inasikitisha, kwa sababu kazi yote hiyo haizuii kitu.

Anza kwa kujua PHP inaendeshwa na mtumiaji gani. Andika ps aux kisha utazame mstari wa php-fpm (huduma inayoendesha PHP) au wa Apache (programu ya seva ya wavuti). Kwenye Debian na Ubuntu kwa kawaida utakuta www-data. Halafu andika ls -l ndani ya folda ya tovuti. Kwa kuwa uliyapakia mafaili kwa akaunti yako kupitia SFTP, utaona jina lako, au root (akaunti ya msimamizi mkuu wa seva) ikiwa uliyafungua kutoka kwenye zipu ukiwa umeingia kwa akaunti hiyo. Machoni pa mfumo, PHP ni mmoja wa hao watumiaji wengine, na hao hawana ruhusa ya kuandika.

Kwa seva yenye tovuti moja, napendelea msimbo ubaki mali ya akaunti yako, na folda ya picha peke yake ikabidhiwe PHP:

chown -R www-data:www-data wp-content/uploads

Hasara yake ni kwamba masasisho hayatafanyika kwa kubofya tu ndani ya ukurasa wa usimamizi; utayafanya mwenyewe kwa amri. Mimi naikubali hasara hiyo bila kusita. Ukiwa na tovuti kadhaa, ni bora kila moja ipewe kundi lake la michakato ya PHP-FPM linaloendeshwa kwa akaunti yake yenyewe, ili moja ikivamiwa mvamizi asiweze kuandika ndani ya nyingine.

Kisha rekebisha ruhusa, ukitenganisha folda na mafaili. Hakikisha kwa pwd kwamba umo ndani ya folda ya tovuti, maana amri hizi hazirudishwi nyuma:

find . -type d -exec chmod 755 {} +
find . -type f -exec chmod 644 {} +

Faili la wp-config.php lina nenosiri la hifadhidata, kwa hiyo lisiachwe na 644. Limiliki wewe, kundi lake liwe www-data, na ulipe 640. Ikiwa PHP inaendeshwa kwa akaunti yako mwenyewe, 600 inatosha.

Folda ya uploads sasa inaandikika, na hapo ndipo wavamizi huelekea kwanza. Iagize programu yako ya seva ya wavuti, Nginx au Apache, ndani ya faili lake kuu la mipangilio, ikatae kuendesha faili lolote la PHP lililomo humo. Popote PHP inapoweza kuandika, isiruhusiwe kuendesha kilichoandikwa. Pia ondoa kwenye folda ya umma nakala kama wp-config.php.bak, zipu za hifadhi na folda ya .git (inayotunza historia ya msimbo). Kwa kuwa jina la nakala hiyo haliishii kwa .php, kwa kawaida seva humpa anayeliomba maandishi yote kama yalivyo, pamoja na nenosiri, na ruhusa za 644 hazimzuii.

Ikiwa baada ya hayo picha bado zinakataa, andika namei -l ikifuatiwa na njia kamili ya folda hiyo, uone ruhusa za kila folda iliyo juu yake, kwani moja tu isiyopitika inatosha kuzuia. Kwenye Fedora na jamii yake kuna pia SELinux, mfumo wa ziada wa ulinzi, ambao hukataa hata pale ls -l inapoonyesha kila kitu sawa. Angalia lebo kwa ls -Z: folda ya picha inahitaji httpd_sys_rw_content_t, ambayo huwekwa kwa semanage fcontext na kutekelezwa kwa restorecon, bila haja ya kuizima SELinux yenyewe.