Kuli wangu kumbe ni mtoto wa tajiri wa viazi

Shangazi, shikamoo. Nalima viazi Isyonje, Rungwe. Msimu uliopita kijana mmoja alikuja na Fuso kupakia mzigo, kavaa kofia ya sufu na koti lililochanika kiwiko. Alibeba magunia, akanywa chai kwetu, tukazoeana, leo tunapendana. Siku moja nilimwambia bosi wake ni mnyonyaji, anashindilia lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, na kutulipa bei ya gunia moja. Alicheka mpaka akakaa chini. Juzi nimegundua bosi huyo ni baba yake mzazi! Anasema alijificha ili asipendwe kwa ajili ya magari ya baba. Sasa anataka kuleta mshenga. Naona aibu, na hasira pia. Nifanyeje?
Mkulima, Isyonje

Shangazi anajibu:
Marahaba, mwanangu. Barua yako imenifurahisha sana. Kijana anasikia baba yake akisemwa, naye anacheka badala ya kununa! Ila kicheko hakipunguzi gunia, nitalirudia hilo.

Alichoficha ni mali ya baba. Mgongo uliobeba magunia ni wake, na kwa ukungu na matope ya Isyonje mtu haigizi kazi ile msimu mzima. Hasira yako mwambie mwenyewe, kabla ya mshenga. Muulize pia kama kuna kingine: mke, mtoto, mchumba. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe siku 21 kabla, ikiwa na majina yenu na kama kuna aliyewahi kuoa au kuolewa. Huko hataweza kwenda kama kuli.

Aibu ya lumbesa iache. Ulisema kweli: gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na vile viazi vya juu ni jasho lenu. Usiombe radhi. Tatizo ni kwamba kwa mila ya Kinyakyusa mkamwana humkwepa baba mkwe, hamtaji jina wala hamtazami usoni. Ukishaolewa, utayasemea wapi hayo? Basi kijana ndiye ayafikishe kwao, tena kabla ng'ombe wa mahari hawajatajwa. Akiweza kumwambia baba yake kwamba magunia ya Isyonje yashonwe kwa kipimo, mkaribishe mshenga kwa mikono miwili. Na msimu ujao aje kwa jina lake kamili, lakini magunia aendelee kubeba.