Maswali na Majibu: Mota sita, nobu moja, na umeme wa flobenchi

Kwa asiyeijua, flobenchi ni meza ya kupimia hewa inayopita kwenye silinda hedi ya injini. Hedi inafungwa juu, mota za mashine za kufyonza vumbi zinavuta hewa kupitia poti (njia ya hewa ndani ya hedi), nawe unainua valvu kidogo kidogo huku ukisoma hewa kiasi gani imepita. Ili vipimo vya leo vilingane na vya mwezi ujao, mfyonzo lazima ubaki pale pale kila mara. Wengi hupimia inchi 28 za maji, yaani karibu kilopaskali 7. Kuushikilia hapo ndiko kunakowasumbua walioandika safari hii.

Habari fundi. Nina mota sita za wati 1,200 kila moja, za volti 230. Nimenunua dima (kifaa cha kupunguza umeme unaofika kwenye mota) iliyoandikwa wati 4,000 na nataka nobu moja iziendeshe zote. Niongeze dima ya pili? (Msomaji, Mwanza)

Nzuri, ndugu yangu. Tupige hesabu kwanza. Wati 7,200 ukigawa kwa 230 unapata ampea 31, na hapo mota zimeshachanganya. Zikiwashwa zote kwa pamoja zinavuta zaidi ya hapo kwa kitambo kidogo, na breka inaruka. Kuhusu zile wati 4,000, namba hiyo hufikiwa trayaki, yaani swichi ya kielektroniki iliyo ndani ya dima, ikiwa imepoozwa vizuri sana. Kila ampea inayopita ndani yake huacha karibu wati moja ya joto, na kile kipande cha alumini kilichofungwa mgongoni mwa dima za bei ndogo hakiwezi kulitoa.

Ushauri wangu ni usizidhibiti zote. Mota tano zipe swichi, kila moja na breka yake ya aina C, ya sita ndiyo uifunge kwenye dima. Unapopima, washa moja moja hadi mfyonzo ukaribie inchi 28, kisha pengo lililobaki lijaze kwa ile ya dima. Dima inabeba ampea 5 badala ya 31, na ikiungua unapoteza kifaa kidogo tu.

Kuna jambo moja linalowanasa wengi hapa. Mota zote zinavuta kutoka boksi moja la hewa, kwa hiyo mota iliyozimwa inageuka tundu: zinazofanya kazi zinavuta hewa ya nje kupitia kwake. Mota iliyopunguzwa mwendo nayo hufanya vivyo hivyo, maana nguvu ya mfyonzo hufuata mraba wa mwendo. Tuseme mota yako ikizibwa kabisa huvuta inchi 90. Ukiishusha hadi nusu ya mwendo inabaki na robo ya nguvu, inchi 22 na nusu, huku wenzake wameshikilia boksi kwenye 28. Hewa itarudi nyuma kupitia kwake. Mtu anaongeza dima, anaona mfyonzo hausogei, anadhani dima ni mbovu, kumbe mota bado haijafikia mwendo wa kuwashinda wenzake. Dawa yake ni kipande cha mpira laini kwenye tundu la kutolea hewa la kila mota, nje ya boksi, kilichoshikwa upande mmoja kama valvu ya njia moja. Weka kwenye zote sita, hata ile ya dima.

Na kabla ya yote hayo weka kontakta (swichi ya sumaku) moja kubwa yenye kitufe chekundu cha kuzimia, ikate umeme wote. Dima si swichi ya kuzimia. Vyuma vyote vya benchi vifungwe ethi.

Shikamoo fundi. Karakana yetu ina umeme wa fezi tatu. Naweza kuweka mota mbili kila fezi na dima tatu, halafu nikaunganisha nyaya za nobu ili moja iongoze zote? (Msomaji, Nakuru)

Marahaba. Kuzigawa mota kwenye fezi tatu ni wazo zuri. Kuunganisha nyaya za nobu ni hatari, usijaribu. Kwenye dima ya kawaida miguu ya nobu ina umeme wa laini moja kwa moja. Ukiunganisha ya fezi moja na ya nyingine umepitisha volti 400 na kitu kwenye kifaa cha kushika kwa vidole.

Tena trayaki hungojea umeme uvuke sifuri ndipo ianze kuhesabu muda wa kuwaka, na fezi hazivuki sifuri kwa wakati mmoja. Kila fezi inahitaji kidhibiti chake chenye kusoma fezi yake. Tafuta moduli zinazopokea amri ya volti 0 hadi 10 na ambazo upande wa amri umetengwa kabisa na umeme mkubwa. Hapo nobu moja inaweza kuziongoza zote tatu kwa usalama.

Nyutro usiipunguze unene. Mizigo ya kawaida ikilingana kwenye fezi tatu, mikondo yake hufutana kwenye nyutro. Trayaki zinakata mawimbi, na sehemu ya mkondo huo haifutani, inajumlishana. Nyutro iwe nene sawa na fezi au zaidi.

Je, inveta ya mota za viwandani (VFD) itafaa? Ninayo bure. (Msomaji, Morogoro)

Hapana. Inveta hiyo ni ya mota za fezi tatu zisizo na kaboni. Mota za kufyonza vumbi zina kaboni na komyuteta, na mwendo wake hufuata volti. Iweke, ipo siku utapata bloa ya fezi tatu.

Ndugu yangu yuko Marekani, ameniletea mota nne nzuri za volti 120. Niziunge mbili mbili kwa mfululizo kwenye volti 240? (Msomaji, Mombasa)

Usifanye hivyo. Zikiwa mfululizo mkondo ni mmoja, ila volti hazigawanyiki nusu kwa nusu. Mota iliyopata mzigo mwepesi huongeza mwendo, na ikiongeza mwendo inadai volti zaidi, mwenzake anapungukiwa. Mota ya kufyonza ikizibwa mdomo ndipo inapokimbia zaidi, na kwenye flobenchi kuzibwa ni kazi ya kila siku.

Kuziminya kwa dima kutoka 240 nako hapana, maana trayaki inapokufa mara nyingi hufa ikiwa inapitisha umeme wote bila kuzuia. Mota ya 120 itapokea 240 nzima kabla hujafikia swichi. Nunua transfoma ya kushusha yenye uwezo wa mota zote nne.

Mfyonzo unacheza-cheza. Nimeanza kutengeneza kidhibiti cha Arduino (kompyuta ndogo ya kuongozea vifaa) na sensa ili ushike wenyewe. Nianzie wapi? (Msomaji, Kampala)

Sensa ya MPX5010DP inafaa: inapima hadi kilopaskali 10, kwa hiyo 7 zako zinaingia na nafasi inabaki. Optokapla, kile kipande kinachopeleka amri kwa trayaki kwa mwanga, iwe MOC3021. MOC3041 yenyewe husubiri sifuri ndipo iwake, haikuruhusu kukata wimbi katikati. Umeme wetu wa hezi 50 unakupa milisekunde 10 kila nusu wimbi, humo ndimo unapochagua wakati wa kuwasha. Mzunguko wa kurekebisha uwe wa polepole. Boksi la hewa linachelewa kuitika, ukiharakisha mota zitapanda na kushuka bila kutulia. Kebo ya sensa isilale pamoja na nyaya za mota, na shildi yake ifungwe ethi upande mmoja tu.

Lakini usikeshe ukitafuta mfyonzo usiotikisika hata nywele. Hewa ile ile inayopita kwenye poti ndiyo inayopita kwenye bamba la tundu la kupimia, na shinikizo la pande zote mbili hupanda kwa mraba wa hewa. Mota zikiyumba, namba zote mbili zinayumba pamoja, uwiano unabaki. Zisome kwa wakati mmoja, gawanya moja kwa nyingine, na kipimo chako ni kizuri hata kwenye inchi 26. Ukitaka kukipeleka 28, zidisha hewa kwa kipeuo cha pili (skwea ruti) cha 28 gawa kwa 26. Ongezeko ni chini ya asilimia 4.

Valvu ikiwa imeinuliwa kidogo mota zinanuka kuungua. Ni dima? (Msomaji, Arusha)

Pengine ni aina ya mota. Zipo zinazopozwa na hewa ile ile zinayofyonza. Poti ikiwa ndogo hazipati hewa ya kutosha. Kwa vipimo vya chini washa mota chache tu, moja au mbili, na uache tundu dogo la kuingizia hewa ya nje kwenye boksi, kati ya bamba la kupimia na mota, lisije likahesabiwa kama hewa ya poti. Ukinunua nyingine, chagua zenye feni ya pembeni ya kupozea.