Dakika Saba Nizijaze na Nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimeingia timu ya mdahalo chuoni, mtindo wa Bunge la Uingereza: timu nne za watu wawili wawili, mbili kila upande. Dakika saba za hotuba yangu nizijaze na nini?
— Mwaka wa kwanza, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Utaziona chache! Zile dakika 15 za maandalizi msiandike hotuba; gawaneni hoja na mwenzako. Tuseme mada ni kufuta bweni shule za msingi. "Watoto wanateseka" ni kelele tu. Sema mtoto wa miaka saba kapata homa usiku, matroni ni mmoja bweni zima: nani atajua? Hapo jaji anashika kalamu. Wapinzani wakisimama kuuliza, pokea swali moja au mawili. Mkiwa timu ya pili upande wenu, leteni jipya bila kuwapinga wa kwanza, ingawa hao pia mnashindana nao.