Maswali ya wasomaji: mbwa na tabia zake

SWALI: Mbwa wetu dume ana miaka miwili. Kila pikipiki au chukudu (gari la mbao la kusukuma mizigo) ikipita, anabweka na kulirukia lango mpaka mabati yanalia. Papa wa watoto amemchapa fimbo mara nyingi, lakini ukali umezidi. Wiki iliyopita alitoka akamrarua motari, dereva wa pikipiki, suruali. Bado anafundishika?
Mama wa Himbi, Goma

JIBU: Anafundishika, mama, ila fimbo iwekwe chini leo hii. Mbwa wako anaona hivi: pikipiki inakuja, anabweka, pikipiki inakwenda zake. Ingepita hata kama angelala, lakini yeye hilo halijui, kwake, ameifukuza. Tendo linaloleta faida hurudiwa. Mwanasaikolojia Mmarekani Edward Thorndike alilionyesha jambo hilo mwaka 1898 kwa paka waliojifunza kujifungulia masanduku. Barabara ya Himbi inamlipa mbwa wako kutwa nzima.

Fimbo nayo inafundisha kitu kingine. Mbwa wa mwanasayansi Ivan Pavlov, kule Urusi, walisikia sauti kisha wakapewa chakula, hadi mate yakawatoka kwa sauti peke yake. Maumivu hushikamana na sauti vilevile: mngurumo, halafu fimbo. Sasa pikipiki imekuwa adui wa kweli. Tena mbwa anayechapwa kwa kunguruma anaweza kuacha kunguruma na kuuma bila kuonya, na huyo ni wa hatari zaidi.

Kwanza mnyimeni yale malipo. Zibeni matundu ya lango kwa mbao au mabati, na saa zenye pikipiki nyingi akae upande wa nyuma wa lupango (ua wa nyumba). Mkifanya mazoezi asubuhi kisha mkamwachia lango mchana, mnabomoa mlichojenga.

Kisha tafuteni sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) zilizokaushwa, zisizo na chumvi, mzikate vipande vidogo kama punje ya haragwe. Mpunguzieni bugali ya jioni kwa kiasi hicho. Mfungeni kamba ya mita 2, msimame mbali kiasi kwamba akisikia pikipiki anainua masikio lakini bado anakula. Mngurumo ukisikika, hesabu moja, sambaza mdomoni, na uendelee kumpa mpaka upotee. Kukiwa kimya, hakuna kitu. Dakika 5 asubuhi na 5 jioni zinatosha.

Utaratibu ndio kila kitu. Ukimwonyesha sambaza kabla ya pikipiki kusikika, chakula kitakuwa tangazo la adui, naye ataanza kukikataa. Akibweka kidogo, mpe tu. Wengi huogopa kwamba wanamlipa kubweka, lakini hapa tunabadili anachohisi kwanza. Akikataa kula kabisa, mko karibu mno: rudini nyuma. Parseli (kiwanja chenu) ikiwa finyu, rekodi mngurumo kwenye simu, uanze na sauti ndogo sana, uipandishe polepole siku hadi siku. Siku atakayosikia pikipiki na kukugeukia wewe mwenyewe, sogeeni hatua 2 kuelekea langoni, si zaidi.

Na achanjwe kichaa cha mbwa, kama bado. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni dakika 15, na mtu huyo afike kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo.

SWALI: Mbwa wetu huwarukia wageni kifuani. Tumeacha kumjali kwa siku nne, naye ndiyo kwanza amezidi. Tuache njia hii?
Msomaji wa Ibanda, Bukavu

JIBU: Msiache. Malipo yakikatika ghafla, tabia hupanda kwanza kabla ya kushuka, na hapo ndipo watu wengi hukata tamaa. Mkimjali leo, mtakuwa mmemfundisha kwamba kuruka kwa nguvu zaidi ndiko kunakolipa. Chunguzeni pia nani nyumbani bado anamshika kichwa akiruka. Inatosha mtoto mmoja: tabia inayolipwa mara mojamoja hudumu kuliko ile inayolipwa kila mara.

Lakini kumnyima tu hakutoshi, lazima ajue afanye nini. Mgeni akiingia, mbwa awe na kamba. Akiruka, mgeni ageuke, akunje mikono, asiseme neno, hata la kukemea. Miguu yote 4 ikigusa chini, papo hapo sambaza, na iwekwe chini ardhini, isiinuliwe juu. Mkono ulio juu ndio unaomwita aruke.