Kifaa cha USB hakionekani ndani ya VirtualBox: tafuta kwanza nani amekishika

Mkuu, nimesoma maelezo yako yote. Laptop ina Ubuntu 22.04 (aina ya Linux), ndani yake umeweka VirtualBox, programu inayoendesha kompyuta nyingine ya kuigiza (mashine pepe), yenye Windows 10 kwa sababu programu ya uhasibu ya duka haina toleo la Linux. Kijiti cha leseni cha programu hiyo (kile cha USB ambacho bila hicho haifunguki) hakionekani kabisa, printa inaonekana kwenye orodha lakini ukiichagua inakwambia iko bize, na ile modemu ya Huawei unayotumia kutuma SMS kwa wateja inashika sekunde chache kisha inapotea. Kuna waliokushauri ufute kila kitu uanze upya. Usifute. Hayo ni matatizo matatu yenye sababu tatu tofauti, na yote yanatibika hapo hapo ulipo.

Kazi yangu ni kufunga mifumo ya mauzo madukani na kwenye maduka ya dawa, na wateja wangu wengi wako kwenye hali kama yako: Linux chini, Windows juu yake, na vifaa vya USB ambavyo biashara haiwezi kwenda bila hivyo. Jambo ambalo ningependa kila anayeanza alijue kabla ya kugusa mpangilio wowote ni hili: kifaa cha USB kinashikwa na mmoja tu kwa wakati mmoja. Ama mwenyeji (Ubuntu yako) anacho, ama mgeni (Windows ya ndani) anacho. Ukikwama, swali si "kwa nini Windows haikioni", swali ni "kwa sasa kiko mikononi mwa nani". Ukilijibu hilo, dawa inajulikana.

Anza na amri hizi mbili kwenye teminali (dirisha la kuandikia amri) ya Ubuntu, kifaa kikiwa kimechomekwa:

lsusb
VBoxManage list usbhost

Ya kwanza inakuonyesha kila kifaa ambacho keneli (kiini) ya Linux imekiona, pamoja na namba mbili zilizotenganishwa na nukta mbili. Ya kushoto ni ya mtengenezaji, ya kulia ni ya bidhaa yenyewe. Kifaa kisipotokea hapa, acha kabisa kuisumbua VirtualBox; shida ni waya, tundu au kifaa chenyewe. Nyaya za kuchajia tu, zisizo na njia ya data, zimejaa mitaani na zinapoteza muda wa watu wengi.

Amri ya pili inaonyesha kile ambacho VirtualBox inakiona. Kama lsusb inaonyesha vifaa sita na hii ya pili haionyeshi chochote, jibu ni ruhusa. Kwako printa inaonekana kwenye orodha, kwa hiyo huenda ruhusa unayo tayari, lakini lihakikishe hili kwanza kabla ya kukihangaikia kijiti cha leseni. VirtualBox kwenye Linux inaruhusu kugusa USB watumiaji waliomo kwenye kundi la vboxusers peke yao, na ukiisakinisha haikuingizi humo yenyewe. Jiingize:

sudo usermod -aG vboxusers $USER

Kisha washa upya kompyuta nzima. Kutoka kwenye akaunti na kurudi kunatosha kwa nadharia, lakini Ubuntu za siku hizi huacha baadhi ya michakato ya mtumiaji ikiendelea chini kwa chini, na michakato hiyo inabaki na orodha ya makundi ya zamani. Ukishawasha, andika groups uhakikishe jina la vboxusers limo.

Hapo hapo nisahihishe jambo moja, maana kuna waliosema Guest Additions (programu za ziada zinazowekwa ndani ya Windows ya mgeni) ndizo dawa: hazihusiki na kupitisha USB. Zinasaidia kioo, kipanya, kunakili na kubandika, na mafolda ya pamoja. Ziweke, ni nzuri, ila usitegemee zikuletee printa. Kilichokuwa kinahusika ni Extension Pack, nyongeza ya VirtualBox yenyewe, na hata hiyo inategemea toleo. Kabla ya VirtualBox 7.0, iliyotoka Oktoba 2022, kifurushi cha msingi kilikuwa na USB 1.1 tu, ukitaka 2.0 au 3.0 lazima uongeze Extension Pack ya toleo lile lile. Kuanzia 7.0 vidhibiti vyote viwili (sehemu zinazompa mgeni USB 2.0 na 3.0) vimehamishiwa kwenye kifurushi cha msingi. Ubuntu 22.04 kwenye hazina zake ina tawi la 6.1, kwa hiyo kama uliipata kwa apt ya kawaida, uko upande wa zamani. Na kwa kuwa hili ni duka, fahamu kwamba Extension Pack si programu huria: leseni yake inaruhusu bure matumizi binafsi, kujifunza na kujaribu, lakini kwa biashara inataka kulipiwa. Mimi ningekushauri upande hadi 7 na usiisakinishe kabisa. Huihitaji.

Kidhibiti chenyewe unakichagua mashine ikiwa imezimwa, kwenye mipangilio yake, sehemu ya USB. Kwa Windows 10 weka 3.0 (xHCI) bila kufikiri mara mbili. Kinabeba vifaa vya kasi zote. Kwa Windows 7 ni hadithi nyingine, maana haina draiva (programu ya kuendeshea kifaa) ya xHCI ndani yake. Ukiiwekea 3.0 bila kusakinisha draiva hiyo kwanza, hakuna hata flashi itakayoonekana, kwa hiyo mpe 2.0 apumzike. Na ukikutana na kosa la VERR_PDM_NO_USB_PORTS, mara nyingi maana yake ni hiyo hiyo: umeleta kifaa cha kasi kubwa kwenye mashine iliyopewa kidhibiti cha 1.1.

Sasa printa inayosema iko bize. Draiva za keneli ya Linux kwa kawaida hazina ubishi, VirtualBox ikiomba kifaa zinakiachia. Wabishi ni programu zinazoendelea chini kwa chini na kukishika kifaa moja kwa moja. Kwa printa za kisasa zinazofanya kazi nyingi, mshukiwa wa kwanza ni ipp-usb, ambayo imo Ubuntu tayari. Kwa wasomaji wa kadi ni pcscd. Kwa modemu ni ModemManager. Kifaa kikiwa kimechomekwa, isimamishe inayohusika, kisha ujaribu:

sudo systemctl stop ipp-usb

Ikikubali, ndipo uamue kuizima moja kwa moja kwa mask badala ya stop, maana kuichomeka printa upya huiwasha tena ipp-usb. Flashi nayo, kama Ubuntu imeshaifungua kwenye madirisha ya mafaili, itoe kwanza kwa utaratibu kabla ya kumpa mgeni, la sivyo unaweza kuharibu mafaili yaliyokuwa bado yanaandikwa.

Kuna mmoja mwingine anayewasumbua wenye mizani, visoma misimbo na bodi za Arduino zinazotumia chipu ya CH340 (1a86:7523). Kwenye Ubuntu 22.04 programu ya brltty inaidhania chipu hiyo kuwa kifaa cha nukta nundu na kuichukua. Watu wengi mtandaoni wanasema iondolewe tu. Iondoe kama una hakika hakuna asiyeona anayetumia kompyuta hiyo, kwa sababu kwake brltty ndiyo kioo.

Nije kwenye modemu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo mafundi wengi wanapokata tamaa.

Baadhi ya vifaa vina sura zaidi ya moja. Modemu nyingi za Huawei ukizichomeka zinajitambulisha kwanza kama CD yenye programu ya kusakinisha, kwa mfano 12d1:1446. Baadaye zinapokea amri ya kubadilika, zinajikata zenyewe, na kurudi kama modemu halisi yenye namba nyingine ya bidhaa, mfano 12d1:1001. Kwa mtazamo wa kompyuta hicho ni kifaa kipya kabisa. Wewe ulimpa Windows ile sura ya kwanza. Windows ikaituma amri ya kubadilika, modemu ikajikata, na iliporudi ilirudi kwa Ubuntu, kwa sababu hakuna aliyemwambia VirtualBox aidake hiyo sura ya pili. Kuna wakati Ubuntu yenyewe, kupitia usb_modeswitch, inawahi kuibadilisha kabla hata hujagusa chochote. Matokeo kwako ni yale yale: inashika, inapotea.

Dawa ni filta, yaani kanuni inayoiambia VirtualBox ni kifaa kipi ikidake na kumpa mgeni. Kwenye sehemu ya USB ya mipangilio unaweza kuongeza filta kutoka kwa kifaa kilichochomekwa, lakini VirtualBox itajaza kila nafasi: mtengenezaji, bidhaa, toleo, hata namba ya serial ya kifaa. Filta ya namna hiyo inadaka sura moja tu. Futa kila kitu ubakize namba ya mtengenezaji peke yake. Au tumia teminali, ukiweka jina la mashine yako mahali pa Duka:

VBoxManage usbfilter add 0 --target "Duka" --name "Modemu" --vendorid 12d1

Kuanzia hapo chochote chenye 12d1 kikichomekwa mashine ikiwa inaendelea, kinaingia kwa mgeni, kibadilike mara ngapi kitakavyo. Ila usije ukaacha filta tupu kabisa bila namba yoyote. Hiyo inadaka kila kitu, kikiwemo kipanya na kibodi yako ya USB, na utabaki nje ya kompyuta yako mwenyewe.

Kanuni hiyo hiyo inawahusu mafundi wa simu. Simu ikiwa imewaka ina namba moja, ikiingia fastboot (hali ya kuiwekea mfumo) ina nyingine. Samsung ikiwa kwenye hali ya kudownload ni 04e8:685d. Simu ya chipu ya Qualcomm ikiingia EDL (hali ya dharura ya kuiflashi, yaani kuiwekea mfumo upya) inakuwa 05c6:9008 na inasubiri kwa utulivu, kwa hiyo filta ya 05c6 inaimudu. Yenye chipu ya MediaTek ndiyo ngumu: preloader yake, programu ya kuiwashia (0e8d:2000), inajitokeza kwa muda mfupi mno kisha inaondoka, na VirtualBox inachelewa kidogo katika kumkabidhi mgeni kifaa. Hata filta ikiwa sahihi, dirisha hilo linaweza kufungwa kabla Windows haijapakia draiva. Kwa MediaTek nashauri uflashi kwenye kompyuta isiyo na tabaka katikati. Simu ya mteja haifai kujaribiwa njia isiyo na uhakika.

Kifaa kikishaingia Windows, draiva inasakinishwa ndani ya Windows. Ubuntu haihitaji draiva ya kijiti chako cha leseni hata kidogo. Nenda kwenye orodha ya vifaa ya Windows. Ukiona alama ya njano, maana yake upitishaji umefanikiwa na kilichobaki ni draiva, kwa hiyo usirudi tena kuchezea VirtualBox. Waya za kubadili USB kuwa serial (aina ya zamani ya mlango wa data) zenye chipu za zamani za PL2303 hupenda kutoa kosa la Code 10 hapo, kwa kuwa draiva mpya zinazikataa chipu hizo. Zinataka draiva ya zamani zaidi, au waya mwingine.

Na kabla hujapitisha kila kitu, jiulize kama kuna haja. Kwa mafaili, folda ya pamoja ni salama kuliko flashi. Kwa mizani ya serial, unaweza kuiacha USB kwa Ubuntu na kumpa mgeni mlango wa serial tu: kwenye mipangilio ya mashine washa COM1, chagua kifaa cha mwenyeji, andika /dev/ttyUSB0, na wewe mwenyewe uwe kwenye kundi la dialout. Njia hiyo nimeiona ikidumu vizuri zaidi, kwani Windows haigusi chipu ya USB wala haihitaji draiva yake. Printa ya kawaida ya A4 unaweza kuiacha kwa Ubuntu na kuishirikisha kwenye mtandao. Printa ya risiti ni tofauti, maana programu za mauzo nyingi huituma amri za moja kwa moja za kukata karatasi na kufungua droo ya pesa, na hiyo ningeipitisha.

Kamera na spika za USB usizitegemee sana kwa njia hii. Zinatuma data mfululizo kwa wakati maalumu na ucheleweshaji mdogo tu unazikatakata. Wanaotaka uhakika huko wanatumia KVM, mfumo wa mashine pepe wa Linux yenyewe, na kumpa mgeni kidhibiti kizima cha USB, jambo linalohitaji uwezo uitwao VT-d (Intel) au AMD-Vi uwashwe kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta. Kwenye laptop nyingi kidhibiti ni kimoja kwa matundu yote, kwa hiyo kamera ya ndani na bluetooth vinaondoka navyo. Kwa duka lako hailazimu.

Kuna ndugu aliyeuliza jinsi ya kupitisha USB kwenda WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows 11: huko hakuna orodha ya kubofya. Sakinisha programu ya usbipd-win, fungua PowerShell kama msimamizi, kisha:

usbipd list
usbipd bind --busid 2-3
usbipd attach --wsl --busid 2-3

Badilisha 2-3 kwa namba utakayoiona kwenye list. Bind inakumbukwa hata ukizima kompyuta. Attach unairudia kila unapochomoa na kuchomeka.

Mkuu, anza leo kwa kuhakikisha umo kwenye kundi la vboxusers, kisha filta ya modemu. Kama kijiti cha leseni kitaingia Windows vizuri lakini programu bado inakataa kufunguka, hilo ni suala la leseni: baadhi ya programu zinagundua ziko ndani ya mashine pepe na kujifunga kwa makusudi, na hapo wa kuongea naye ni aliyekuuzia. Ukikwama kwingine, bandika hapa matokeo ya zile amri mbili za mwanzo, kifaa kimoja kimoja kikiwa kimechomekwa.