Tume isianzie chumba cha usaili

Mmeuliza wiki hii: chombo huru kikague nini hasa ili ajira za umma zitolewe kwa haki na kwa sifa? Wengi watajibu usaili. Mimi naanza na tangazo. Ukikuta sharti la uzoefu wa miaka 7 katika mfumo unaotumika ofisi moja tu, jua nafasi ina mwenyewe. Vigezo, na uzito wa kila kigezo, vitiwe saini kabla tangazo halijatoka. Vikiandikwa baada ya maombi kufunguliwa, vitashonwa kwa kipimo cha mtu.

Kwenye usaili, mkaguzi asiridhike na wastani. Chukua jopo la watu 3. Mwombaji wa kwanza kapewa 70 na kila mmoja. Wa pili kapewa 62, 64 na 88: wastani 71.3, na kazi ni yake, ingawa wajumbe wawili kati ya watatu walimweka chini. Hakuna alama iliyofutwa, jalada linang'aa. Ndiyo maana kila mjumbe ajaze na kusaini fomu yake kabla ya kuzungumza na wenzake (fomu ya penseli si fomu), na pengo kubwa, tuseme zaidi ya alama 15, lielezwe kwa maandishi, kigezo kwa kigezo.

Majalada ya kukagua yasichaguliwe na taasisi yenyewe, wala yasitoke kwenye rejista ya ajira. Anza na orodha ya mishahara: toa majina mapya yote ya mwaka, chagua kwa bahati nasibu, kisha dai tangazo, mchujo na fomu za kila mmoja. Aliyepita mlango wa nyuma rejista haimjui, lakini mshahara anapokea. Mara nyingi aliingia kwa mkataba wa muda, ukaongezwa, akathibitishwa bila kushindana na mtu. Uingereza, ambako tume ya namna hii iliundwa 1855, ajira ya muda isiyo na ushindani hukomea miaka 2. Makamishna wenyewe hukaa muda usiozidi miaka 5 na hawateuliwi tena, kwa hiyo hawana sababu ya kumbembeleza anayeteua.

Tume pia iweze kuzuia barua ya ajira kabla haijatoka. Mtu akisharipoti kazini, kumwondoa ni kesi, na aliyestahili keshapata kazi kwingine.