Jibu: Kukata sura na kubadili mifano ya kitabu huria
Mkuu, umeuliza kama unaruhusiwa kukata sura za kitabu huria (kinachotolewa bure kwa leseni ya wazi) cha takwimu, ubadili mifano, kisha uwachapishie wanafunzi wako. Soma leseni kwanza, huwa kwenye kurasa za mwanzo. Ikiwa ni CC BY (leseni ya Creative Commons inayokuruhusu kubadili na kugawa mradi umtaje mwandishi), kama baadhi ya vitabu vya OpenStax, mradi wa vitabu huria wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, kata, tafsiri, chapa. Mtaje mwandishi, weka kiungo cha leseni na useme umebadili nini. Ukiona ND (NoDerivatives, yaani bila mabadiliko), usigawe ulichokibadili.

Mimi niliondoa mfano wa beisiboli nikaweka bei za gunia la mahindi sokoni. Darasa lililozoea kunyamaza likaanza kubishana kwa nini wastani na mediani (thamani ya katikati) havilingani! Na PDF igawe kwa flashi, wengi hawana bando.